Mashine kuukuu irudishiwe uzi wake

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta katika mizani na vina, na wako walionilalamikia ya kuwa sina mazungumzo ila tenzi na watu waliokwisha kufa. Leo nawapumzisha. Nataka kusema habari ya mashine ya boti, ile inayopachikwa tezini, kichwa chake juu na mguu wake majini, ambayo watu wetu wa visiwani wameizoea hata watoto hawaamini kwamba babu zao walikuwa wakipita Mkanda kwa tanga na upondo. Wala si mashine mpya ninayoikusudia, bali ni kuukuu, iliyozeeka pamoja nami.

Siku chache kabla ya mfungo alinipigia simu kijana mmoja kutoka Lamu, mtoto wa ndugu yangu. (Kwa hakika baba yake ni mtoto wa mjomba wangu, lakini kwetu sisi hayo hayabaguliwi.) Baada ya salamu na kuulizana hali akaniambia, "Ami, nimeitoa mashine ya babu ghalani. Inazunguka, haikuganda. Nataka kuifufua nipate kubebea watu. Nisaidie fedha za rangi."

Nikamwuliza, "Na babako amekwambiaje?"

Akanyamaza kidogo. "Baba hakusema kitu, ami. Aliiangalia, kisha akaingia ndani."

Nilijua kwa nini aliingia ndani, na nyinyi pia mtajua kama mtanistahimilia.

Mashine hiyo mjomba aliinunua mwaka 1987, nguvu za farasi kumi na tano, ya namna ile inywayo petroli iliyochanganywa na oili. Chapa yake siitaji, maana yaliyotokea hayakuwa makosa ya walioiunda. Ilipotolewa sandukuni ilikuwa na vitu ambavyo sisi vijana tulivihesabu kuwa mapambo. Kwenye kana, karibu na mkono wa nahodha, palikuwa na kitufe chekundu cha kuzimia, na chini ya kitufe kimechomekwa kipande cha plastiki chenye umbo la kiatu cha farasi, nacho kimefungwa uzi mwekundu uliojisokota kama waya wa simu za zamani. Mwisho wa uzi pana kulabu ya kutia mkononi au kiunoni. Mtu akianguka, uzi unakwenda naye, kipande kinachomoka, mashine inakufa papo hapo. Tena gia ikiwa imeshika, ya mbele au ya nyuma, kamba ya kuwashia ilikuwa haivutiki hata uining'inie. Sharti kwanza uirudishe gia fri. Mjomba alikuwa akiufunga uzi ule juu ya kikoi chake kila siku, na vijana wa gatini wakimcheka, wakisema mzee amefungwa kama mbuzi wa Idi.

Lakini bahari ina chumvi, na chumvi haina simile. Mwaka 1994 mashine ilikataa kuwaka. Tulikuwa Mokowe, jua linatua, abiria wamekwisha kukaa. Tukabadilisha plagi, tukapuliza kabureta, wapi! Mtu mmoja aliyekuwa akijua kidogo akafunua kifuniko, akaufuata waya utokao kwenye kile kitufe, akasema, "Adui ni huyu." Akaukata. Kamba ikavutwa mara moja, mashine ikanguruma, abiria wakamwombea dua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi.

Mtu yule hakukosea kwa lile aliloliona. Swichi ya mashine za namna hii haifanyi kazi kama swichi ya taa ya nyumbani. Ile ya taa inaukata umeme, hii inauunganisha. Kipande kikichomoka, umeme uliokuwa uende kutoa cheche kwenye plagi unapelekwa kwenye mwili wa mashine ukapotelea humo. Sasa chumvi ikiingia ndani ya swichi na kuyaunganisha yale macho yake mawili, mashine huwa kama iliyoamriwa kunyamaza siku zote, hata uvute kamba mpaka bega litoke. Dawa yake ni swichi nyingine. Dawa ya haraka ni kukata waya, nayo ni tamu kwa kuwa haigharimu kitu, ila waya ukishakatwa mashine haina tena wa kuiambia basi. Toka siku ile tukawa tunaizima kwa kuchomoa mpira wa petroli, au kwa kuvuta choki mpaka ikajisonga yenyewe. Uzi mwekundu ukafungiwa funguo za ghala.

Mwaka uliofuata likaja komeo la gia. Nalo ni jambo dogo: jino la plastiki na springi yake, linaloingia kwenye kigurudumu cha kamba ya kuwashia gia inapotiwa. Likaanza kukwama, likawa linazuia hata gia ikiwa fri. Likafunguliwa parafujo mbili, likatiwa katika kopo la misumari. Na mashine, wasomaji wangu, ikawaka vizuri kuliko ilivyokuwa mpya.

Asubuhi moja ya mwaka 1998, kusi linamalizika na maji yamejaa, nilikuwa nimesimama juu ya ngazi za gati. Ndugu yangu alikuwa peke yake botini, amesimama, uso tezini, kama asimamavyo kila avutaye kamba. Gia ilikuwa ya mbele na moto umefunguliwa. Hakuangalia, wala hapakuwa na kitu cha kumzuia. Mashine ikawaka kwa mvuto mmoja, boti likaruka mbele, yeye akaangukia tezini na kutoka hapo majini.

Boti lisilo na mtu haliendi moja kwa moja likapotea, kama mtu anavyoweza kudhani. Rafadha inapozunguka huisukuma kana upande mmoja, na kana ikikosa mkono wa kuizuia inalala upande huo, na boti linaingia katika duara. Nalo duara linarudi pale pale alipo mtu. Sisi tuliokuwa juu ya gati tuliona boti likija mara ya kwanza, ndugu yangu akapiga mbizi. Likaja mara ya pili, akapiga mbizi. Mara ya tatu pumzi zilikuwa zimemwisha.

Aliishi, Alhamdulillahi. Lakini alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na pajani ana makovu yaliyopangika kama hatua za ngazi. Wenyeji wanajua kwamba kofia kwetu hushonwa na wanaume, barazani, sindano moja na subira nyingi. Ndugu yangu alikuwa mshonaji wa kofia za vito, na kofia zake zilikuwa zikingojewa na watu wa Mombasa kwa miezi. Toka mwaka ule hajashona hata moja. Mashine ikatiwa ghalani, ikafunikwa gunia.

Kwa hiyo kijana aliponiomba rangi nilimjibu, "Rangi baadaye, mwanangu. Kopo la misumari la babu liko wapi?"

Nikafunga safari. Fundi tuliyempelekea mashine ni mtu mzima kunishinda, na banda lake ukiingia utadhani ni makaburi: miguu ya mashine imeegemezwa ukutani, vichwa vimepangwa chini, rafadha zinaning'inia kama ngozi za pweza. Hatupi kitu. Mashine moja ikifa kabisa, huwa ni duka la vipuri vya nyingine kumi. Humo nimeziona za kila umri, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda asili ya mambo, nilimkalisha tukazungumza siku nzima.

Kuna aliyetangulia kuziunda na kuna aliyezifanya zijulikane duniani. Huyu wa pili ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani katika jimbo la Wisconsin, aliyeanza kuziuza mwaka 1909. Mkewe, Bess, ndiye aliyekuwa akishughulikia biashara, na ndiye aliyetunga lile tangazo maarufu la kuwaambia watu watupe makasia yao. Fundi aliposikia hayo alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwambie huyo mama," akasema, "Lamu hatujatupa kasia hata leo, na siku mashine inapokufa katikati ya maji ndipo linapojulikana bwana ni nani." Kiwanda kilichobeba jina la Evinrude kiliacha kuunda mashine hizo mwaka 2020, baada ya miaka mia na zaidi, na jina linabaki kwenye vifuniko vilivyopauka.

Katika makaburi ya fundi pia mna Seagull mbili za Kiingereza. Wazee wanazikumbuka, zile nyembamba ndefu zenye tangi la shaba lililokaa juu kama buli la chai. Ziliacha kuundwa katika miaka ya 1990, na kwa uvumilivu hazina mfano. Fundi anasema moja aliikuta imezama, akaiosha kwa maji baridi, akaitia mafuta, ikawaka. Lakini kwa usalama wa mtu zilikuwa na hadhari kama chui. Lile gurudumu zito la juu liko wazi, halina kifuniko. Kamba unaizungushia kwa mkono, unavuta, nayo inatoka nzima ikachapa kila aliyekaa nyuma yako. Nyingi za mwanzo hazina fri; ikishawaka imeshakwenda, nawe uwe umejiweka tayari. Na zile Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 zilikuwa na tangi la mipira miwili: mmoja unapeleka pumzi ndani ya tangi, wa pili unaleta petroli kwa nguvu ya pumzi hizo. Mpira ukipasuka, petroli inaruka kama chemchemi. Wenye kuzipenda mashine hizo siku hizi huzitilia pampu ya kuvuta petroli na mpira mmoja, wakalistaafisha lile tangi.

Nasema haya ili ifahamike kwamba anayefufua mashine kuukuu ana kazi za namna mbili. Kuna kuirudishia ilivyozaliwa navyo, na kuna kuipa ambavyo haikuzaliwa navyo. Watu wengi hawafanyi hata moja. Hupiga msasa, hupaka rangi, hubandika jina la chapa lililochapishwa upya, mashine ikang'aa kama bibi arusi, na ndani waya umekatwa.

Yetu ilikuwa ya kurudishiwa. Kopo la misumari lilipatikana, na ndani yake, chini kabisa, jino la plastiki na parafujo zake mbili. Springi ilikuwa imegeuka kutu. Fundi aliliosha jino kwa mafuta ya taa, akalitazama juani kama mtu atazamaye fedha ya noti, akakuta lina ufa. Akalitupa. Nilishangaa, maana ni mtu asiyetupa. Akaniambia, "Mwalimu, kabureta nitaiunga, tangi nitaliziba, hata mguu nitauchomelea. Kitu cha kushika roho ya mtu sikiungi." Akaenda kwenye makaburi yake, akafungua mashine ya ukoo ule ule, akatoa jino zima na springi yake. Kisha akazitoa plagi ili mashine isije ikamwakia mkononi, nyaya zake akazigusisha kwenye chuma cha mashine, akaanza kuurekebisha waya unaolivuta lile jino, nusu mzunguko wa parafujo hivi, nusu hivi. Gia mbele: anavuta kamba, haitoki. Gia nyuma: haitoki. Fri: inatoka yote. Alirudia mpaka nikachoka mimi niliyekaa.

Swichi ndiyo iliyotupa kazi. Ya asili haikupatikana. Kijana alikwenda dukani akarudi na swichi nzuri, mpya, ina uzi wake mwekundu, akaifurahia. Fundi akachukua mita, akagusa macho yake mawili, akachomeka kipande, akachomoa, akamrudishia. "Hii ni ya kukata. Sisi twataka ya kuunganisha." Ilikuwa ni ya namna nyingine, inayofanya kazi kinyume: kipande kikichomoka inatenganisha. Ukiitia katika mashine kama yetu, mambo yanageuka; kipande kikiwemo haitawaka, na kikichomoka itawaka. Na mtu mvivu akiona hivyo atafanya nini? Atakichomoa kipande akitupe, aendeshe hivyo hivyo. Swichi ya kufaa ililetwa kutoka Mombasa kwa basi. Pamoja na waya na kila kitu, gharama yake haikufikia nusu ya ile rangi.

Mengine yalikwenda kwa haraka. Vibano viwili vinavyoshika mashine kwenye ubao wa tezi vilisafishwa na kutiwa grisi, na juu yake ukaongezwa mnyororo mfupi uliofungwa kwenye boti, maana mashine inapotetemeka vibano hulegea kidogo kidogo, na mashine iliyozama haina wa kuilaumu. Komeo la kuuzuia mguu usinyanyuke boti linaporudi nyuma lilinyooshwa. Kifuniko cha juu kilikuwa kimepotea, kikatafutwa, kwa kuwa gurudumu lile likishika kilemba au nywele halitaachia. Kwa mashine ndogo zaidi fundi ana neno lake juu ya pini ya rafadha: hiyo imetengenezwa laini kwa makusudi, ikatike rafadha inapogonga mwamba, na anayetia msumari wa chuma mahali pake amechagua kuvunja gia. Anazo pini mbili tatu amezishona ndani ya mfuko wa kikoi. Nilidhani ni hirizi.

Jioni habari ilikwisha fika barazani, maana Lamu habari haihitaji gazeti. Mzee mmoja, ninayemheshimu, akaniambia mbele ya watu, "Mwanangu, ajali haina kinga. Ya ndugu yako ilikuwa imeandikwa. Uzi utaifuta?" Sikuwa na jibu la haraka, na kusema kweli hata leo sipendi kumjibu mzee mbele za watu. Aliyejibu ni fundi. Alisema, kwa adabu, "Baba, sote tulisomeshwa chuoni habari ya yule bwana na ngamia wake, kwamba aambiwe amfunge kwanza ndipo atawakali. Mimi nafunga." Kisha akamwuliza mzee, ambaye ujanani alikuwa nahodha wa jahazi, "Hebu niambie, demani ulikuwa ukiifunga?"

Mzee akastaajabu swali lenyewe. Nani afungaye demani? Kwa asiyejua, demani ndiyo ile kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, na baharia mwenye akili huizungusha mara moja au mbili tu, mwisho wake anao mkononi. Upepo ukija wa ghafula, au mtu akianguka, anaiachia. Tanga linapiga kofi, linamwaga upepo wote, chombo kinasimama. Aliyeifunga demani kwa fundo amejipinduza mwenyewe.

"Basi," akasema fundi, "mashine haina demani. Mkono ukiiachia, yenyewe inaendelea. Waliokuja baadaye wakaiona kasoro hiyo, wakaitilia uzi. Uzi mwekundu ndio demani ya mashine."

Mzee alitafuna tambuu yake kwa muda. Akasema, "Hilo nimelifahamu." Hakusema zaidi, na kahawa ikamiminwa.

Nimefikiri sana juu ya maneno yale. Tunajisifu kwamba bahari ni yetu, na ni kweli. Lakini ujuzi wetu ulikuwa katika mikono iliyokuwa ikijua kuachia. Chombo cha tanga kilikuwa kikifa kidogo kila mtu alipolegeza mkono. Sisi tulipopokea kitu kisichojua kulegea, tuliupokea moto wake, tukakidharau kipande pekee kilichofanana na desturi yetu wenyewe, tukakifungia funguo.

Wala asidhani mtu kwamba ujinga huu ni wetu peke yetu. Mwezi wa Mei 2013, huko Padstow nchini Uingereza, watu sita wa familia moja walirushwa kutoka boti lao la kasi. Uzi ulikuwamo botini, haukufungwa kwa mtu. Boti likazunguka, likawarudia, na baba na bintiye wa miaka minane wakafa, na wengine wakajeruhiwa vibaya, mpaka alipotokea mtu akalirukia boti na kulizima. Huko Marekani, kuanzia Aprili 1, 2021, imekuwa sheria kwamba mwendeshaji wa boti dogo la chini ya futi 26 lililo na swichi hiyo aufunge uzi boti linapokwenda mbio. Miaka mia na zaidi imepita toka Evinrude auze mashine yake ya kwanza, ndipo serikali ikalazimisha jambo ambalo mjomba wangu alikuwa akichekwa kwa kulifanya.

Fundi aliniomba kitu kimoja badala ya ujira wa mazungumzo: nimtungie maneno ya kuwafundisha vijana, kwa kuwa maonyo hawayasikii ila yakiwa na vina. Nikakaa juu ya pipa la maji la kujaribia mashine, nikamwandikia ubeti huu:

Kabla hujavuta kamba, gia iweke katini,
Uzi usiwe wa pamba, uufunge kiunoni,
Usisikie kutamba, kwa walio bandarini,
Rafadha ikikukumba, haiulizi u nani.

Hakuridhika. Alisema vijana hawasemi "katini", wanasema "fri", na mimi nikamwambia anitafutie neno la kina ambalo linamaliza kwa "fri", aniletee. Bado sijaletewa. Lakini ameuandika ubeti kwa chaki mlangoni pa banda, na nimesikia mtoto mmoja akiuimba kwa sauti ya kasida, jambo ambalo sikulikusudia.

Siku ya kuijaribu majini tulikwenda asubuhi, bamvua, maji yamefika ngazi ya juu. Tulikuwa fundi, kijana na mimi. Tumekwisha kukaa ndipo tukamwona ndugu yangu anakuja taratibu kutoka upande wa soko, ameshika bakora ambayo haihitaji. Hakuwa amepanda boti la mashine toka mwaka 1998. Akienda Mokowe au Matondoni hungojea dau la tanga, na asipolipata haendi. Akasalimu. Akashuka ngazi, akakaa kwenye ubao wa katikati, asimwombe mtu mkono.

Kijana alitia gia ya mbele makusudi, akavuta kamba. Haikutoka. Akairudisha fri, akauvisha uzi kiunoni, akavuta tena. Ikawaka kwa mvuto wa tatu, moshi wa buluu ukatufunika. Fundi akamwamuru achomoe uzi kabla hajaondoka gatini, maana kila asubuhi ndivyo itakavyokuwa: swichi iliyokufa kwa ndani haionekani kwa macho, na siku ya kuijua isiwe siku ya kuihitaji. Akachomoa, ikazima. Akachomeka, ikawaka. Tukaondoka.

Tulipofika mkabala wa Shela, mahali palipo na nafasi, ndugu yangu akasogea tezini. Kijana alitaka kupunguza moto, babake akamwashiria asipunguze. Kisha akaunyosha mkono wake wa kulia, akaushika uzi kwa vidole vile vitatu, akauvuta.

Kimya. Boti likaenda kidogo kwa mwendo wake wenyewe, likalegea, likasimama. Maji yakawa yanapiga ubavuni, na kwa mbali tukasikia mtu Manda akigonga msumari.

"Iwashe tena," akasema.

Tukaiwasha, tukashika mwendo, naye akauvuta tena. Alifanya hivyo mara nne, na kila mara alikuwa akisikiliza mpaka boti lisimame kabisa. Mara ya tano kijana aliliangalia tangi la petroli, akaniangalia mimi, asithubutu kusema. Tulirudi saa tano. Rangi bado haijapakwa.